Uzi: Sarafu za fedha za wanyama wa Kichina kutoka Niue, Tokelau, Tuvalu na visiwa vingine vidogo. Unanunua nini hasa?

Wakia Moja (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Kila mwaka mpya wa Kichina ukikaribia, PM yangu (ujumbe wa faragha) inajaa picha za aina moja. Sarafu nyeupe inayong'aa, upande mmoja joka au nyoka au farasi, upande wa pili kichwa cha Malkia Elizabeth au Mfalme Charles, na ukingoni jina la nchi ambayo aliyetuma picha hajawahi kuisikia. Niue. Tokelau. Tuvalu. Visiwa vya Cook. Swali nalo ni lile lile: "Mkuu, hii ni halali au nimepigwa?"

Nimeona nifungue uzi mmoja niwe naelekeza watu hapa.

Jibu la haraka: nyingi ni halali, na ni fedha kweli, madini ya fedha. Ila jina la kisiwa, ambalo wauzaji hulipigia debe kuliko kitu kingine ("kisiwa cha mbali, adimu mno, ya mwisho mwisho!"), ndilo jambo lenye uzito mdogo kuliko yote kwenye hiyo sarafu. Ukilielewa hilo tu umeshaokoa hela.

Niue ni kisiwa kimoja cha mawe ya matumbawe kilichoinuka katikati ya Pasifiki, kilomita za mraba kama 260, na wakazi wake hawafiki 2,000. Kuna shule za msingi Dar zenye wanafunzi wengi kuliko hao. Tangu 1974 wanajitawala wenyewe kwa ushirika na New Zealand, na ukienda dukani Alofi, mji wao mkuu, unalipa kwa dola ya New Zealand. Benki kuu hawana, kiwanda cha sarafu hawana. Tokelau ndiyo ndogo zaidi: atoli tatu (pete za matumbawe), Atafu, Nukunonu na Fakaofo, zilizo chini ya New Zealand, hakuna uwanja wa ndege, unapanda meli kutoka Apia kule Samoa na safari inakula zaidi ya siku nzima. Sasa nani pale Fakaofo atakwenda kununua samaki kwa sarafu yenye wakia nzima (gramu 31.1) ya fedha safi?

Hakuna. Sarafu hizo hazikugongwa zitumike huko, na nyingi hazijawahi hata kutia mguu kisiwani. Kisiwa kinachotoa ni kibali. Kina serikali, na serikali ina uwezo wa kutamka kwamba kipande hiki cha madini ni pesa halali ya thamani ya dola kadhaa. Kiwanda kilicho Auckland, Warsaw au Perth ya Australia kinaomba kibali hicho, kinalipa, kinagonga, kinauza dunia nzima. Kisiwa kinapata mapato bila kuchimba shimo wala kuvua samaki. Mimi siwalaumu hata kidogo. Tuvalu hao hao wanapata pesa kwa anwani za intaneti zinazoishia na .tv kwa sababu tu herufi ziliwaangukia.

Mtu atauliza, kwa nini kiwanda kihangaike na kibali, si kigonge tu joka lake kiuze? Kinaweza, ila hiyo itaitwa medali. Mkusanyaji wa sarafu anataka sarafu, yaani kitu chenye jina la nchi na thamani iliyoandikwa, na kwa medali hatoi bei ile ile. Mfano mzuri uko Jablonec nad Nisou, kwenye kiwanda cha sarafu cha Jamhuri ya Cheki. Kwao sarafu halali ya nchi hutolewa na benki kuu peke yake, kwa hiyo kiwanda kinapotaka kugonga mali yake ya biashara, kinatumia jina la Niue. Ndiyo maana utakuta simba wa Cheki mwenye mikia miwili kwenye sarafu ya kisiwa cha Pasifiki. Na ile New Zealand Mint ya Auckland, usidanganywe na jina: ni kampuni binafsi, sarafu za matumizi za New Zealand hazitoki pale.

Kibali kikishakuwepo, kinachochorwa ni chochote kinachouzika. Niue ilitoka na Pokémon 2001, ikatoka na Star Wars 2011. Tuvalu, kupitia kiwanda cha Perth, ina Marvel na The Simpsons. Wanyama wa Kichina ni bidhaa nyingine kwenye rafu hiyo hiyo, tofauti yake ni kwamba wana soko lisilokauka, maana kila mwaka mnyama anabadilika na mwenye seti ana lazima ya kuendelea.

Biashara hii ya wanyama kwenye sarafu si ya zamani kama wanavyosema. China yenyewe ilianza 1981, mwaka wa jogoo, na Singapore ikaanza mwaka huo huo. Perth wakaingia 1996 kwa dhahabu, na fedha wakaanza 1999 kwa sungura. Seti yao ya pili ilianza 2008 ikaisha 2019, ya tatu ilianza 2020 na itafunga duara 2031. Lakini hizo za Perth zimeandikwa Australia. Viwanda vingine vilipoona foleni ya wanunuzi ndipo na vyenyewe vikaanza kutafuta visiwa.

Kwa hiyo ukishika sarafu, geuza. Uliza nani kagonga, kagonga ngapi, na ni ya uwekezaji au ya wakusanyaji (zile zenye uso kama kioo, kwenye kasha, na cheti). Kisiwa kiache mwisho.

Karibuni kwa maswali. Wajuvi mpo humu, msininyime.

---

Chaza

Asante mkuu kwa darasa. Nina swali la kijinga kidogo. Yangu ni ya Niue, imeandikwa dola 2. Hizo dola 2 nikienda New Zealand napewa soda?

---

Wakia Moja

Chaza, hupewi. Pesa halali New Zealand ni ile inayotolewa na benki kuu yao tu. Hiyo ya kwako ni halali Niue, na hata Niue mwenye duka atakushangaa. Ila ukiitumia kununua soda mimi nitakufuata hadi huko nikuzuie, maana wakia moja ya fedha ina thamani mara nyingi zaidi ya dola 2 za New Zealand. Ile namba imewekwa ili kitu kiitwe sarafu, si bei.

---

Mpwa wa Forodhani

Wanaoshangaa sarafu yenye kichwa cha mtu wa mbali, iliyogongwa nchi nyingine, ikitumika nchi ya tatu, wamesahau kwao. Riale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, ilizunguka pwani hii na Uarabuni vizazi na vizazi. Mama wa watu alifariki 1780, sarafu ikaendelea kugongwa na mwaka huo huo umeandikwa juu yake, na karne ya 20 ilikuwa ikigongwa Vienna, Roma, London hadi Bombay. Gramu 28 na kidogo, na fedha yake si safi, ni 833 kwa 1,000. Watu waliipokea kwa sababu waliujua uzito wake. Sultani Barghash alipotoa riale yake ya Zanzibar mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, naye alikwenda kugongesha Ulaya.

Tofauti ninayoiona ni kwamba riale iliingia mkononi mwa watu, ikalipa mahari, ikayeyushwa kuwa bangili. Hizi za Niue zinazaliwa ndani ya plastiki na kufa ndani ya plastiki.

---

Wakia Moja

Mpwa umenena. Nakazia hapo kwenye uzito.

---

Bahati ya Tanga

Mimi nataka kujua mnyama gani ana hela. Wengine tuko hapa kibiashara, kaka.

---

Wakia Moja

Dada/kaka Bahati, joka. Hana mpinzani. Kwa Wachina ndiye mnyama wa heri, kiasi kwamba Taiwan, Singapore na Hong Kong watoto huzaliwa wengi zaidi mwaka wa joka. Joka wa 2000, wa 2012 na wa 2024 wote walikimbiliwa. Yule wa Perth wa 2012 wa wakia moja, seti ya pili, aligongwa kwa ukomo wa 300,000 kama wenzake wote wa seti ile, na bado akawa ghali kuliko nguruwe wa 2019 mwenye ukomo ule ule. Idadi ni moja, hamu ni tofauti.

Lakini soma tena nilichoandika: hamu. Viwanda vinajua. Mwaka wa joka kila kisiwa kina joka, na kila joka lina matoleo: jeupe, la rangi, lililopakwa dhahabu, la pembe nne, lenye jiwe la kijani katikati. Visiwa vya Cook vilishatoa zenye kipande cha gamba la chaza linalometameta ndani ya fedha, kubwa za wakia 5. Nzuri kwa macho, sikatai. Ila siku ya kuuza utamtafuta mtu mmoja mwenye macho kama yako.

Kuhusu farasi wa 2026 (mwaka wake ulianza 17 Februari) kuna habari ndani yake. Wanyama ni 12, na kila mmoja hupita kwenye vitu vitano vya asili vya Kichina, mbao, moto, udongo, chuma na maji, hivyo mzunguko mzima ni miaka 60. 2024 joka wa mbao, 2025 nyoka wa mbao, 2026 farasi wa moto. Farasi wa moto wa mwisho alikuwa 1966, na Japani mwaka ule vizazi vilishuka kwa kama robo, kwa sababu walikuwa na imani kwamba msichana aliyezaliwa mwaka huo atamletea mumewe balaa. Kwenye takwimu zao ni shimo kabisa, linaonekana hadi leo. Sasa wauza sarafu wamemgeuza mnyama yule yule kuwa "mara moja kwa miaka 60!" Kila mnyama wa kila mwaka ni mara moja kwa miaka 60, jamani.

---

Nyangumi

Kuna kisiwa hamjakitaja na kinanishangaza: Kisiwa cha Christmas. Hiki kiko Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii, kusini ya Java. Ni mali ya Australia tangu 1958, kabla ya hapo kilisimamiwa kutoka Singapore. Walikuta fosfeti, wakaleta vibarua Wachina na Wamalay kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19, na vizazi vyao ndio wenyeji wa leo. Watu hawazidi 2,000, na Wachina ni sehemu kubwa. Mwaka mpya wa Kichina ni sikukuu ya kweli pale, kuna mahekalu, kuna ngoma za simba barabarani.

Nilimfanyia kazi mtu aliyekuwa na mkusanyo wa stempu, ndipo nikaona kwamba posta ya Australia hutoa stempu za wanyama wa Kichina kwa jina la kisiwa hicho. Kwa hiyo ukitaka kisiwa kidogo ambacho mnyama huyu ana kwao, kipo. Ajabu ni kwamba yuko kwenye stempu, wakati sarafu zinakwenda kwa Niue ambako Wachina ni wa kuhesabu.

---

Wakia Moja

Nyangumi, hili ndilo nililotaka mtu aliseme. Watu wanalipia "asili" mahali ambapo haipo, na ilipo wanapita kwa sababu ni karatasi ya kubandika bahasha.

Niongeze la pembeni: Niue ilifungua uhusiano wa kibalozi na Beijing 2007, Visiwa vya Cook 1997. Tuvalu wao wanaitambua Taiwan mpaka sasa. Sarafu haijali. Nyoka wa Tuvalu atauzwa Shanghai kama wa mwingine.

---

Mjumbe wa Nyumba Kumi

Samahani wakuu, mimi naona huu ni upatu umevaa suti. Kitu kinauzwa mara mbili ya madini yaliyomo, halafu unaniambia "uwekezaji"?

---

Wakia Moja

Mjumbe, hasira zako zina msingi, tuzipange.

Bei ya sarafu hizi ina tabaka. La chini ni madini: wakia moja ni gramu 31.1, ukizidisha na bei ya soko la dunia umeipata. Juu yake kuna gharama ya kugonga, kibali, usafiri na faida ya muuzaji. Kwenye sarafu ya uwekezaji ya kawaida nyongeza hii ni ndogo. Juu kabisa kuna kile ambacho mnunuzi anakubali kulipa kwa sababu ya uzuri, uchache na hadithi. Tabaka la chini halipotei hata kiwanda kikifungwa, kama walivyofunga Pobjoy wa Uingereza 2023 baada ya miaka mingi ya kugonga sarafu za visiwa. La juu linaweza kuyeyuka siku moja.

Na hata la chini linapanda na kushuka. Aliyenunua fedha Aprili 2011 karibu na dola 50 za Kimarekani kwa wakia alikaa hadi Oktoba 2025 ndipo bei ikapita pale. Miaka zaidi ya 14, huku mfumuko wa bei ukimla kimya kimya. Kwa hiyo anayewaambia fedha "haishuki" mwangalieni mara mbili.

Ushauri wangu: ukitaka madini, nunua sarafu yenye nyongeza ndogo, mnyama yeyote. Ukitaka mnyama, nunua kwa sababu unampenda, na hesabu nyongeza ile kama tiketi ya sinema.

---

Bahati ya Tanga

Na za Afrika je? Nimesikia Rwanda wanazo.

---

Wakia Moja

Wanazo. Kuna wakia za wanyama wa Kichina zenye jina la Rwanda, thamani imeandikwa faranga 50. Nguruwe wa 2019 na panya wa 2020 ni mifano. Hazigongwi Kigali, zinagongwa Ulaya, utaratibu ni ule ule wa kibali. Rwanda pia ina ile ya wanyamapori iliyoanza 2008 na sokwe, na Somalia ina tembo wake anayegongwa Ujerumani. Tanzania yetu ilitoa sarafu za fedha za uhifadhi 1974: twiga kwenye shilingi 25, kifaru mweusi kwenye shilingi 50. Hizo ukizikuta kwa mzee yeyote usizifumbie macho.

---

Sonara Mstaafu

Vijana mnaongea bei, hamjaongea kupima. Nimekaa na fedha mezani muda mrefu, naweka haya.

Kwanza mizani. Wakia ni gramu 31.1, inaweza kuzidi kidogo. Ikipungua, simama. Pili kipenyo na unene, pima kwa kalipa (kipimo cha kubana) ulinganishe na vipimo vilivyotangazwa na kiwanda. Perth seti ya pili ya wakia moja ni milimita 45.6, pana kuliko sarafu nyingi za uzito huo, na wanaoghushi hulikosea hili mara nyingi. Uzito ukiwa sawa lakini sarafu nene kupita kiasi, ndani kuna madini mengine mepesi.

Tatu sumaku yenye nguvu. Fedha haivutwi. Ukiinamisha sarafu na kuiteremshia sumaku, inashuka polepole kama inayosita. Ikinasa, umepigwa. Ikiporomoka kama juu ya sahani, nayo itilie shaka. Nne maji: uzito wa fedha ni mara 10.49 ya maji ya ujazo ule ule. Fundi yeyote wa vito ana njia ya kupima hilo bila kuikwaruza.

Tindikali msiiguse! Ile ni ya bangili. Ukitia tone kwenye uso wa joka umebaki na madini matupu, tabaka la juu analosema Wakia Moja limekufa palepale. Vivyo hivyo dawa ya meno, majivu, limau. Fedha ikipiga weusi iache na weusi wake.

---

Chaza

Mzee shikamoo. Yangu ina madoa meupe kama maziwa, na sijawahi hata kuitoa kwenye kapsuli. Duka la mtandaoni nililonunua linasema nimeiharibu mimi.

---

Sonara Mstaafu

Marahaba. Hujaiharibu. Madoa hayo hutokana na usafishaji na joto kiwandani kabla ya kugongwa, hujitokeza baadaye, hata kwenye kapsuli. Sarafu za viwanda vikubwa huwa nayo. Hayapunguzi fedha hata chembe, ila mkusanyaji atakushusha bei. Usiyasugue. Na hizo pochi laini za plastiki zinazonuka, zile za PVC, toa sarafu humo leo leo, zinaacha utando wa kijani unaokula uso.

---

Mpwa wa Forodhani

Na zile zilizofungwa kwenye kasha gumu la NGC au PCGS, daraja 70?

---

Wakia Moja

Hizo ni kampuni za Marekani zinazopima hali ya sarafu na kuifunga. Daraja 70 maana yake hawakuona dosari wakiikuza. Kwa sarafu mpya za kisasa, 70 ziko tele, maana zimetoka kiwandani moja kwa moja hadi kwao, kwa hiyo msilipe mara tatu kwa ajili ya namba. Na kasha nalo linaghushiwa: ingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni, ulinganishe picha ukiona ipo.

La mwisho kwa wanaopenda historia: mpaka wa tawala mbili. Elizabeth alifariki 8 Septemba 2022, na baada ya hapo Perth wakatoa sarafu zenye sura yake na miaka 1952–2022. Baadaye zikaja zenye Charles. Mpaka huo uko ndani ya seti ya tatu ya Perth. Mimi nikiulizwa jozi ya kuweka ni mnyama wa mwisho wa Elizabeth na wa kwanza wa Charles, na imetoka kwenye kalenda, hakuna mtu wa masoko aliyeibuni.

---

Mjumbe wa Nyumba Kumi

Haya, nimelainika kidogo. Shemeji yangu kauziwa hii kwenye kundi la Facebook: "Tokelau, joka, wakia moja, 999". Nimeiweka kwenye mizani ya duka la dawa sasa hivi: gramu 22. Sumaku ya spika imeinasa.

---

Sonara Mstaafu

Hicho ni chuma kilichochovywa. Tokelau halisi zipo, hii si mojawapo. Asilipe salio kama bado anadaiwa, ahifadhi mazungumzo yote na risiti ya muamala wa simu, aende nayo kituo cha polisi kabla aliyemuuzia hajabadilisha laini.